Bunduki Iliyofanana na Majani

Temeke, Dar es Salaam
12 Mei 1951

…na lile ulilosema bandarini tukiagana, kwamba mwanamke anayelala nyumba moja na bunduki hulala jicho moja wazi, Dada, si kweli hata kidogo! Mimi nalala kama mtoto aliyeshiba. Bunduki iko juu ya kabati, mume wangu yuko ubavuni kwangu, na asubuhi naamshwa na mluzi wake akipepea mkaa, ati mimi nisiinuke kitandani kabla chai haijawa tayari. Umewahi kumwona mwanamume wa kwetu akichemshia mke chai?

Lo! Nimeanza kupayuka hata sijakuamkia. Shikamoo, Dada Demetria. U hali gani? Mguu wa Mama umepoa? Na wanafunzi wako, wanakusikia au bado unawafokea mpaka ng'ambo ya ziwa? Sisi hatujambo, tena hilo neno halitoshi. Kama kuna neno la mtu aliye mzima kisha akaongezewa, hilo ndilo letu.

Sasa nikueleze kazi niliyoifanya juma hili. Unaikumbuka bunduki ya Ansbert wangu, ile aliyoachiwa na yule mpima ardhi wa Kizungu alipokuwa akirudi kwao, polisi wakamzungusha mwaka mzima kabla ya kumpa kibali? Kitako chake kilikuwa cha mti mwekundu, kimepakwa vanishi mpaka unajiona uso. Nyumbani ni pambo. Porini, anasema, ni balaa: jua likikipiga kinameta, na wanyama wanatoka mbio. Jumamosi mbili amerudi mikono mitupu, mnyonge, nami sipendi kumwona mnyonge.

Jirani yetu Bakari Mwishehe ndiye mwenzake wa kuwinda. Ni Mzaramo, alikuwa askari vitani Burma, na ulimi wake hauna breki. Jioni moja alikuwa barazani akimcheka Ansbert, ambaye humwita karani kwa kazi yake ya ofisini.

"Karani, wewe unakwenda kuwinda au unakwenda harusini? Kule Burma sie tulijipaka matope mpaka kwenye masikio. Mjapani anapita hapa, pua kwa pua, hakuoni! Ipake rangi hiyo."

"Ataipaka nani?"

"Si una mke msomi? Au huko shuleni kwao walimfundisha kukaanga wale panzi wao, senene, tu?"

Nikatoka na unga mikononi. "Shemeji Bakari," nikamwambia, "nileteeni majani ya huko mnakowinda. Halafu ndipo useme habari za senene."

Basi wakaniletea. Huwinda mbele ya Boko, kwenye mbuga zinazoteremkia mto Mpiji, na walirudi na mzigo wa nyasi, majani na magome. Nikavitandaza uani juu ya mkeka. Ansbert akaikwangua vanishi kwa msasa, nami nikachanganya rangi: kijani iliyobaki kwenye kopo la milango, udongo mwekundu, majivu, masizi ya sufuria. Unamkumbuka Sista aliyetufundisha kuchora? "Usichore jani unalolijua," alikuwa akisema, "chora jani unaloliona." Nilichora unyasi mmoja mmoja, kwa unyoya wa kuku. Mtutu nao ukabaki mweusi kama nyoka aliyejilaza majanini, sikuupenda, nikaupaka mpaka nchani. Muda wote huo Ansbert ameishika bunduki magotini, lakini ananitazama mimi.

Ilipokauka tukafanya mchezo. Ansbert aliilaza kwenye nyasi nyuma ya nyumba, akamwita Hamisa, mke wa Bakari, aje aitafute. Dada, aliiruka! Aliiruka mara mbili na kanga yake, huku akisema, "Nyie mnanidanganya, hamna kitu hapa." Bakari alicheka mpaka akakaa chini. Ansbert akanishika mkono mbele za watu wote, akasema mke wake si mchoraji, ni mchawi.

Mwambie Mama tutakuja kumwamkia kabla ya mwezi wa nane kwisha. Ansbert hataki kuja mikono mitupu kwa mkwewe. Anataka kumletea ngozi ya tandala ya kutandika chini ya kiti chake.

Nakubusu mikono yote miwili.

Mdogo wako mwenye bahati,
Avelina

*

Bukoba
2 Juni 1951

Mpendwa mdogo wangu,

Marahaba. Sisi tu wazima. Mguu wa Mama unauma mvua ikinyesha, na mvua inanyesha. Wanafunzi wananisikia, ndiyo maana wananikimbia.

Barua yako nilimsomea Mama. Pale pa chai aliniambia nirudie. Akasema, "Mwanamume anayechemsha chai, ama anampenda mkewe ama amevunja chungu." Nakutakia liwe la kwanza.

Kuhusu hiyo bunduki, mimi si mwindaji, lakini nilimkuta Baba akiwa hai na wewe ulikuwa mdogo. Unalikumbuka gobori lake? Kwenye kitako alilifunga kitambaa chekundu, na kikichanika alikuwa akidai kingine. Siku moja Mama alimwuliza, "Mnyama hatakiona?" Baba akasema, "Mnyama hajali rangi, anajali harufu na mtikisiko. Mwenye haja ya kuliona gobori langu ni mimi."

Basi nimefungua sanduku lake nikakata kipande. Nakiweka humu ndani ya bahasha. Mwambie mumeo akifunge kwenye kitako. Najua kitaharibu mchoro wako. Kifunge hivyo hivyo.

Mama ameanza kukipaka chokaa chumba cha wageni. Msitucheleweshe.

Dada yako,
Demetria

*

Temeke, Dar es Salaam
11 Julai 1951

Dada yangu wa pekee,

Shikamoo nyingi, na Mama mpe zake. Mvua imekatika huko? Huku jua ni tamu na upepo unatoka kusini, na mume wangu amenenepa! Wenzake ofisini wanamwita Bwana Harusi mpaka leo.

Usinikasirikie kwa kukawia. Nilisubiri niwe na habari, lakini ulikuwa mwezi wa Ramadhani na Bakari hawindi akiwa na funga, na Ansbert hawindi bila Bakari. Idi ilikuwa juma lililopita. Hamisa alituletea pilau sinia zima, akanivalisha kanga yake, akasema nimebakiza kujua kukuna nazi bila kujikuna vidole, nitakuwa mtu wa pwani.

Kitambaa cha Baba kilifika. Nilikinusa, bado kina harufu ya sanduku lile. Sasa usinune. Nilikifunga kwenye kitako kama ulivyosema, nikarudi nyuma kutazama, na moyo ukaniuma. Kazi yote ile ya unyoya, halafu katikati kitu chekundu kama kidonda! Ansbert akakifungua pole pole, akanigeuza, akanifunga nywele nacho. "Chekundu kinakaa hapa," akasema. "Hapa ndipo ninapotaka kupaona." Dada, ungekuwa wewe ungefanya nini? Ninacho kichwani sasa hivi ninapoandika.

Jumamosi hii wanakwenda. Mpwa wake Hamisa anaolewa na wamemwahidi nyama. Huwa nawaonea raha wanavyoelewana. Ansbert ndiye anayepiga, kisha huiweka bunduki chini akamkamata mnyama kichwa, na Bakari huchinja upesi kabla roho haijatoka. Bakari akichelewa, nyama si halali tena, na mtaa wetu karibu wote ni Waislamu, atakula nani? Ansbert amezoea kukimbia mpaka miguu yake haingoji amri. Bakari anasema hajapata kuona Mkristo anayejali haramu na halali kama huyu.

Ngozi ya Mama nayo itapatikana, nina hakika. Siku zangu zote ni hakika sasa.

Mdogo wako,
Avelina

*

Bukoba
31 Julai 1951

Avelina, mdogo wangu,

Sijui nikuulize hali vipi.

Simu ya maandishi ilifika kwa Kasimiri, kaka yake Ansbert, na yeye akaja nayo kwetu mkononi, hakuweza kuisoma kwa sauti. ANSBERT AMEFARIKI PORINI. MBOGO. AVELINA MZIMA. BAKARI. Ni hayo tu. Tulikaa matanga kwao bila maiti, na Mama alikwenda kwa mguu wake ule, hakukubali kubebwa.

Barua yako ya tarehe 11 ilikuja nyuma ya simu. Niliipokea nikiwa nimevaa kaniki. Niliisoma peke yangu. Mama sikumsomea.

Mdogo wangu, andika hata neno moja. Unakula? Nani analala nawe? Kasimiri ananiuliza jambo, nami nakuuliza wewe. Mtu mwenye bunduki mkononi, mpigaji kama Ansbert, anauawaje na mbogo? Bunduki ilikuwa wapi?

Dada yako,
Demetria

*

Bukoba
24 Agosti 1951

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu kutoka kwa wote. Hujanijibu. Kila meli inapofika nakwenda posta, na karani wa pale siku hizi anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Lile swali nililokuuliza katika barua yangu, liache. Nilikuwa nimekaa darasani, wanafunzi wanachora ua la mgomba, mmoja akaniuliza, "Mwalimu, nikilipaka rangi ile ile ya majani halitapotea?" Nikaelewa. Nilitoka nje, nikawaacha na maua yao.

Avelina, usilijibu swali langu. Niandikie tu kwamba unakula.

Dada yako

*

Temeke, Dar es Salaam
9 Septemba 1951

Dada,

Shikamoo. Mama mwamkie. Mimi nakula. Hamisa ananilisha kwa mkono, asiponilisha sikumbuki.

Nitakujibu, maana nisipokujibu wewe nitamjibu nani? Hapa wote wanajua na hakuna anayelisema. Matangani wanawake waliuliza lile lile la Kasimiri: bunduki ilikuwa wapi? Hamisa alikuwa akinisuka nywele. Mikono yake ikasimama kichwani mwangu. Aliiruka mara mbili siku ile, Dada, anajua kuliko wote. Akasema tu, "Nyamazeni, mwacheni mtoto wa watu."

Bakari alikuja Jumamosi ile alasiri, juu ya lori la mkaa la Boko, nguo zimeganda damu. Nilidhani ni damu ya nyama. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kile kitambaa kichwani, nikamwambia, "Shemeji, leo mmebarikiwa." Hilo ndilo nililosema.

Hakukaa. Alinieleza amesimama, ameshika nguzo ya baraza.

"Tulifuata tandala, shemeji, tukakutana na mbogo peke yake. Nilimwambia tumwache. Akasema huyu atalisha harusi nzima. Akampiga, na alimpiga vizuri, Mungu shahidi, mnyama akaanguka kwa magoti, akalala ubavu. Nikapiga kelele, 'Wahi, karani, wahi, atakufa!' Mie ndiye niliyemharakisha. Akaiweka bunduki nyasini, akamrukia pembe, nami nikatoa kisu. Nimesema Bismillahi. Kisu kimegusa ngozi. Mbogo akainuka."

Mimi sikuelewa bado. Nikamwuliza, "Halafu?"

"Alinitupa huko, pumzi ikakatika. Ansbert akakimbilia bunduki. Alikuwa na nafasi, shemeji. Mbogo alikuwa analewa, anazunguka, anatafuta pa kuanzia. Mtu angeweza kuokota bunduki akapiga. Akafika pale, akasimama. Akageuka huku, akageuka huku. Akaniita, 'Bakari, iko wapi?' Nikamwambia, 'Hapo ulipoiweka!' Akasema, 'Siioni!' Akainama, akawa anapapasa nyasi kama mtu aliyedondosha sindano. Nami natazama, nina macho mawili, na siioni. 'Bakari, iko wapi?' Mbogo akamwona."

Dada, mume wangu alikuwa na maneno mengi mazuri. Alinipa mengine asubuhi ile ile, kikombe cha chai mkononi. Na la mwisho alilolisema duniani ni hilo. Iko wapi.

Bakari aliipata baadaye, kwa mguu. Alikuwa akimkimbilia Ansbert, akaikanyaga. Ilikuwa pale pale. Alimpiga mbogo akiwa ameshalala juu yake, na nyama yote ikaachwa porini kwa fisi, maana haikuwa halali kwa yeyote tena.

Kisha Bakari akaanza kujipiga kinywa. "Mdomo huu! Mdomo huu wa Burma!" Hamisa akatoka akamshika mikono. Nilimwambia, "Shemeji, wewe ulisema tu. Niliyechora ni mimi."

Na nilichora kweli, Dada. Mtu mwingine angepaka mabaka matatu ya kijani akaridhika, na bunduki ingeonekana. Mimi nilitaka anisifu. Nilichora nyasi za mahali pale pale, unyasi mmoja mmoja, mpaka nikamfichia mume wangu kitu pekee cha kumwokoa. Wewe ulinitumia kitambaa. Nikakivaa.

Tumemzika hapa Dar es Salaam. Padri alisema maneno ya faraja, sikumbuki hata moja. Nguo zake bado ziko msumarini. Kile kitambaa nilikifungua siku ile, nikakitupa jikoni kwenye kuni, kisha nikakitoa, kisha nikakirudisha. Kesho nitakichoma.

Bunduki iko juu ya kabati. Polisi walisema watakuja kuichukua, hawajaja. Sasa nalala jicho moja wazi, kama ulivyosema. Na hilo lingine sijui kama limelala.

Avelina

*

Bukoba
30 Septemba 1951

Mdogo wangu, Avelina wetu,

Marahaba, na Mama anakuitikia.

Barua yako nilimsomea. Sikuruka neno. Akasema, "Mwambie baba yake naye alikuwa akikisahau hicho kitambaa. Akaenda bila hicho mara nyingi, akarudi. Ni bahati tu iliyomrudisha." Hayo ni maneno ya Mama.

Kasimiri nimemjibu. Nimemwambia nyasi zilikuwa ndefu. Si uongo, na hahitaji kujua zaidi ya hapo. Akalia, akasema ndugu yake siku zote alikuwa na haraka.

Usikichome. Kama umekichoma, basi. Kama hujakichoma, ni cha Baba, na mimi ndiye niliyekikata, nakidai.

Rudi nyumbani. Huko umebaki kumlinda nani? Chumba kilichopakwa chokaa kipo. Mama hakubali mtu mwingine alale humo.

Dada yako,
Demetria

*

Temeke, Dar es Salaam
14 Oktoba 1951

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu wa Mama unamruhusu kutembea. Mimi sijambo, kwa maana ya kwamba nasimama.

Polisi hawakuja, nikaipeleka mwenyewe. Niliifunga kwa shuka, Bakari akanisindikiza mpaka kituoni, akabaki nje, hataki kuitazama. Askari wa zamu alikuwa kijana, mchangamfu. Akaifungua shuka, akaigeuza, akapitisha kidole juu ya zile nyasi.

"Nani kaipaka hii?"

Nikaikunja shuka. Akawaita wenzake, "Njooni mwone kazi ya fundi!" Wakatoka nayo nje, akailaza kwenye nyasi kando ya ua wa kituo, akamwambia mwenzake, "Haya, itafute." Yule akatafuta, akacheka, akaipita. Wote wakacheka. Hawakuwa na ubaya, Dada, hawakujua. Ndivyo tulivyocheka sisi.

Mimi nilisimama pale nikiiona. Naiona sasa popote palipo na nyasi. Njiani kurudi Temeke niliiona kila ukingo wa barabara, nimeshindwa tu kumwonyesha yule aliyekuwa akiitafuta.

Hamisa amenisaidia kufunga mizigo. Nguo za Ansbert nimempa Bakari, amekataa kuzivaa, ameziweka. Aliniuliza, "Shemeji, utarudi?" Hamisa akamjibu kwa niaba yangu, "Arudi kufanya nini, kukunwa na nazi?" Tukacheka wote watatu, kisha hatukujua tukitupe wapi kile kicheko.

Kitambaa sikukichoma. Kimeungua pembe moja tu.

Usimlete Mama mbele kabisa bandarini, watu husukumana. Nimekonda, na nguo zangu zote ni nyeusi, katikati ya abiria wa daraja la tatu hamtanitambua. Basi tazameni mikono. Nitakifunga kwenye mkono wa kulia na nitauinua meli ikikaribia, na sitaushusha mpaka mmoja wenu aniite kwa jina. Nitakuja kabla ya mwezi huu kwisha.

Mdogo wako,
Avelina